Quad 303 imetoka kwa fundi Dar ikiwa nzima, kufika Mbeya kila asubuhi kushoto inakwaruza. Ni baridi au ni fundi?

#1 Mwakaleli Stereo
Wakuu, salamu.

Nina amplifaya ya Quad 303 na priampi yake 33 (ile ya mwanzo yenye vitufe vya sauti), mali ya marehemu baba. Aliinunua kwa mzungu wa mashamba ya chai Mufindi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Imelala stoo miaka mingi, mwaka jana nikaamua kuifufua. Nikaipeleka Dar kwa fundi niliyeelekezwa na jamaa. Akasema amebadilisha kapasita zote, transista za kushoto na trima (vile vidude vya kuzungusha vya kurekebishia). Nikaifuata mwenyewe, tukaipiga pale kwake mchana kutwa, pande zote safi.

Kufika nyumbani Uyole, kizungumkuti. Asubuhi nikiwasha, spika ya kushoto inakwaruza sauti ikiwa ndogo. Kwenye muziki mzito huwezi kujua, lakini weka kinanda au mtu anayeongea taratibu: msoma taarifa anasikika kama anatafuna bisi huku anasoma. Ukiongeza sauti mkwaruzo unafichika. Ikishapata moto, nusu saa hivi, inatulia na siku nzima haina neno. Kesho yake yale yale. Kulia hakuna shida hata kidogo.

Nimempigia fundi, jibu lake ni "kwangu ilikuwa nzima, hiyo ni baridi yenu." Kuna ukweli hapo? Nataka kujua kabla sijailipia nauli ya kurudi Dar.

#2 Ngoja Waje
Siti ya mbele nimeshakaa. Ngoja wajuzi waje.

#3 Kijana wa Soweto
Mkuu hiyo rahisi sana. Rilei ya spika (swichi ya umeme inayounganisha spika) imepata kutu kwenye midomo yake. Sauti ndogo haipiti vizuri, ukiongeza inapita. Nimeshakutana nazo nyingi hapa Mwanjelwa. Fungua, pitisha karatasi ngumu yenye spiriti katikati ya midomo, au badilisha rilei yenyewe. Kazi ya dakika kumi.

#4 Omu Nane
#3 umeeleza ugonjwa wa kweli ila wa mgonjwa mwingine. Quad 303 haina rilei ya spika. Hiyo ni mashine ya Uingereza ya mwaka 1967, inatumia umeme wa upande mmoja, volti 67 zilizodhibitiwa, na njia ya kwenda kwenye spika inapita ndani ya kapasita kubwa ya maikrofaradi 2,000. Hiyo kapasita ndiyo inayozuia umeme wa moja kwa moja usifike kwenye spika, kwa hiyo hawakuona haja ya rilei. Hata ule mshindo wa "dufu" ukiwasha ni kapasita hiyo inajaa.

Mleta uzi, dalili zako (sauti ndogo, ikiwa ya baridi, upande mmoja) mimi zinanipeleka kwenye bayasi. Nusu moja ya saketi inasukuma wimbi la juu, nusu nyingine inavuta la chini. Pale zinapopokezana lazima uwepo mkondo mdogo wa kupumzikia, ndiyo hiyo bayasi, ili hakuna inayolala. Ukipungua mno, wimbi linapata ngazi katikati. Ngazi hiyo haikui pamoja na sauti, ndiyo maana unaisikia kwenye sauti ndogo na huisikii kwenye kubwa. Fundi kaipima kwenye joto la Dar, wewe unaiwasha Julai asubuhi Uyole chini ya nyuzi 10.

#5 Kijana wa Soweto
Haina rilei? Haya, nimeelimika. Ila rilei zisafisheni hata hivyo wenye nazo.

#6 Mjukuu wa Makete
Nyuzi 10 ndiyo mnaita baridi? Huku Kitulo asubuhi tunakuta barafu kwenye majani na redio ya babu inaimba. Huyo fundi anawadanganya. Amplifaya yenu inataka sweta.

#7 Chai ya Tukuyu
Ndaga wakuu. Mimi naona ni umeme. Huku kwetu ukiwa mwisho wa laini, jioni mita inasoma 180, asubuhi watu wakiwasha hita za maji ndiyo basi tena. Amplifaya imewekwa kwenye 240, inapewa pungufu, itaimbaje? Nunua stabilaiza, utanikumbuka.

#8 Omu Nane
#7 umeme mdogo ni shida ya kweli na 303 ikinyimwa sana ile volti 67 itashuka na utasikia mvumo. Lakini bodi ya kudhibiti umeme ni moja tu kwa pande zote mbili. Umeme ukiwa ndio mwizi, kulia nako kungekwaruza. Mleta uzi kasema kulia hakuna shida.

#9 Chai ya Tukuyu
Nimekubali. Ila stabilaiza anunue.

#10 Fundi Risasi
Kabla hamjafika kwenye bayasi, niulize: mashine ilisafiri vipi kutoka Dar?

#11 Mwakaleli Stereo
Kwenye basi, buti ya chini, nimeifunga kwa blanketi ndani ya boksi.

#12 Fundi Risasi
Basi nimemaliza. Zaidi ya kilomita 800, matuta ya mbuga ya Mikumi yote, kona za Kitonga, na ile transfoma ya chuma ndani inavuta upande wake kila breki. Kapasita kubwa mpya zimepigwa risasi juzi tu. Lehemu moja imepasuka, ufa wa unywele. Ikiwa baridi chuma kimesinyaa, mguu wa kijenzi haugusi vizuri. Ikipata moto vinatanuka, vinagusana, inaimba. Hii kazi nimeifanya tangu redio zikiwa na kabati la mbao. Mashine ikibadilika tabia kati ya benchi na nyumbani, angalia safari kwanza.

Dawa: chukua kijiti kikavu cha mshikaki, gonga bodi ya kushoto taratibu asubuhi ikiwa inakwaruza. Ukifika penye ufa utasikia yenyewe. KIJITI KIKAVU, siyo bisibisi.

#13 Dada Voltimita
Naongeza kwa #12, kwa usalama: hizo kapasita zinabaki na chaji baada ya kuchomoa waya ukutani. Kama utagusa ndani kwa mkono, chomoa, subiri, kisha zimalize kwa rezista ya omu mia kadhaa yenye wati 5, upime kwa mita mpaka isome karibu na sifuri. Usizipige shoti kwa bisibisi kama wanavyofanya vijana kwa mbwembwe za cheche.

Mimi sina upande kati ya baridi na lehemu. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemwambia abadilishane spika. Spika ya zamani ya karatasi ikikaa kwenye unyevu, koili inaweza kusogea na kusugua. Inakwaruza kwenye sauti ndogo vilevile, na inapona chumba kikipata joto. Mleta uzi, hamisha waya: spika ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Asubuhi, kabla haijapata moto.

#14 Ngoja Waje
Hapa sasa uzi umeanza.

#15 Mwakaleli Stereo
Asanteni. Nimehamisha spika leo asubuhi. Mkwaruzo umebaki kwenye tundu la kushoto la amplifaya, spika yoyote nikiweka pale inakwaruza. Spika ni nzima.

Nimefungua mfuniko nikapiga picha bodi zote mbili. Zimewekwa hapa chini.

#16 Dada Voltimita
Vizuri, moja imetoka. Sasa hamisha na upande wa kuingilia, ili tujue kama ni 303 au ni priampi 33. Ile 33 ina bodi za kuchomeka na vitufe vya kubonyeza, vyote hivyo vinashika uchafu.

#17 Kihesa Audio
Kamwene. Kabla hamjaendelea na hesabu, hapa Iringa niliwahi kuletewa amplifaya "imetoka kwa fundi, upande mmoja unakoroma asubuhi." Nikafungua nikakuta nyigu wa udongo wamejenga juu ya bodi, vyumba vitatu, vyenye funza. Fundi alitengeneza, mwenye nyumba akaiweka dirishani bila mfuniko wiki moja, nyigu wakahamia. Udongo ukivuta unyevu wa usiku unapitisha umeme pasipotakiwa, jua likitoka unakauka na sauti inarudi. Nilikwangua, nikasafisha na spiriti, basi.

Sisemi na yako ina nyigu. Nasema angalia kwa macho kabla ya mita.

#18 Mjukuu wa Makete
#17 hiyo chai.

#19 Kihesa Audio
Chai inatoka kwa #7 Tukuyu. Mimi nimeleta nyigu.

#20 Omu Nane
Nimekuza picha za #15. Jamani angalieni bodi ya kushoto, pembeni ya zile transista ndogo. Trima moja ni mpya, ya buluu, ya kufungwa. Nyingine ni ya zamani, ile ya rangi ya kahawia iliyo wazi, kaboni inaonekana. Kulia zote mbili ni za zamani. Sasa fundi alisema amebadilisha trima. Amebadilisha moja, upande mmoja.

Trima za aina hiyo zilizo wazi zinachoka. Kile kidole kinachotembea juu ya kaboni kinashika kutu, leo kinagusa kesho kinaelea. Na akiwa amegusa ile ya kahawia kidogo tu wakati wa kupima, amekihamisha kutoka mahali kilipokaa miaka hamsini kikakaa pachafu. Kulia haikuguswa, ndiyo maana kulia hakuna shida.

#21 Fundi Risasi
Kijana una macho. Lakini angalia picha ile ile, chini ya kapasita mpya: kuna unga mweupe unaozunguka lehemu. Hiyo ni ile grisi ya kopo ya kuchomea mabati. Ina asidi. Mtu akishindwa kushikisha risasi kwenye miguu iliyochakaa anaipaka, inashika vizuri siku hiyo, halafu inakula shaba pole pole na usiku inavuta maji. Mimi sasa nasema lehemu NA grisi.

#22 Dada Voltimita
Jana ilikuwa Kitonga, leo grisi. Kesho?

#23 Fundi Risasi
Binti, vyote ni lehemu. Sijahama.

#24 Kilimo Kwanza Mbozi
Samahani wakuu, mimi siyo fundi ni mkulima wa kahawa. Nauliza tu, je mwinuko hauhusiki? Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Dar wako sifuri. Hewa huku ni nyepesi.

#25 Omu Nane
Swali zuri na siyo la kuchekwa. Hewa nyepesi inabeba joto pungufu kuliko nzito, kwa hiyo mapezi ya mbele ya 303 yanapoa vibaya kidogo huku kuliko pwani. Lakini hiyo ingeleta shida ya joto kali mchana, kwenye sauti kubwa. Huyu analia asubuhi, sauti ndogo. Ni kinyume.

#26 Iyunga Skopu
Wakuu, mimi nasoma umeme chuo kikuu cha MUST hapa Iyunga. Hoja ya #4 kuhusu baridi nataka kuitia namba. Transista ya silikoni inahitaji takriban milivolti 2 zaidi kwa kila nyuzi moja joto linaposhuka. Dar nyuzi 30, Uyole alfajiri tuseme nyuzi 8. Tofauti 22, mara 2, ni milivolti 44 kwa kila kiungo. Kwenye bayasi hizo siyo kidogo, zinatosha kabisa kuufifisha mkondo wa kupumzikia.

Lakini, na hii ni lakini kubwa, dayodi zinazoweka bayasi nazo ni silikoni. Nazo zinapanda kwa kiasi hicho hicho. Kama ziko kwenye hewa moja na transista zenyewe, zinafutana. Ndiyo kazi yake.

#27 Mjukuu wa Makete
Na chaneli ya kulia nayo iko Uyole ile ile, baridi ile ile. Kwani kulia amevaa koti?

#28 Omu Nane
#27 leo umesema la maana kuliko siku zote. Kulia haikurekebishwa Dar, iliachwa kama ilivyotoka kiwandani. Kushoto ilirekebishwa kwenye nyuzi 30 na mtu ambaye huenda aliuweka mkondo ukingoni kabisa. Baridi haileti ugonjwa, inaufunua.

#29 Iyunga Skopu
Bado sijaridhika. Hii 303 ina kitu wenyewe wanakiita tripleti, transista tatu kila nusu. Peter Walker, mwanzilishi wa Quad, na watu wake pale Huntingdon, Uingereza, waliipanga hivyo makusudi: mkondo wa kupumzikia unafuata transista ndogo ya mwanzo, siyo zile kubwa kwenye mapezi. Kwa hiyo hata kubwa zikiungua kwa moto, mkondo haukimbii nazo. Ndiyo sifa ya mashine hii. Sasa ikiwa mapezi hayahusiki, kinachopona baada ya nusu saa ni kitu gani? Hewa ndani ya boksi haipandi nyuzi 22 kwa nusu saa kwenye sauti ndogo.

#30 Fundi Risasi
Lehemu.

#31 Kijana wa Soweto
😂😂😂 mzee hachoki

#32 Bandia Mkuu
Nimesoma uzi wote hakuna aliyegusa kapasita zenyewe. "Amebadilisha kapasita zote", sawa, kwa zipi? Sokoni kuna kapasita zimevalishwa ganda jipya, ndani kopo dogo limefichwa kwenye kopo kubwa. Nimezipasua kwa macho yangu. Na kapasita ikiwa na baridi ukinzani wake wa ndani unapanda. Pima zote kwa mita ya ESR, inayosoma huo ukinzani wa ndani, asubuhi.

#33 Dada Voltimita
Kupanda unapanda, ila kwa kapasita nzima shida ya kweli inaanza kwenye baridi ya chini ya sifuri. Nyuzi 8 siyo Siberia. Kwa ile ya bandia siwezi kubisha, bandia haina sheria. Kuhusu transista bandia ndiyo ningekuunga mkono zaidi. Mleta uzi, fundi alikupa transista za zamani alizotoa?

#34 Mwakaleli Stereo
Hakunipa na sikuuliza.

Mrejesho: nimetengenezewa waya wa kubadilisha upande na kijana mmoja Mwanjelwa, maana ile 303 inaingiza pande zote mbili kwa plagi moja ya DIN, ile ya mviringo yenye pini kadhaa. Nilipoubadilisha asubuhi, mkwaruzo UMEPOTEA. Kushoto safi, kulia safi. Nikasubiri uhamie kulia, haukuhamia. Asubuhi zilizofuata pia kimya. Nikajua imepona. Juzi mke wangu kaisogeza anapiga deki, asubuhi yake imerudi palepale kushoto, na waya bado uko umebadilishwa.

#35 Kihesa Audio
Kwa hiyo siyo 33. Ingekuwa 33 ungekuwa kulia sasa.

#36 Fundi Risasi
Ahaa! Imepotea ulipoigusa, imerudi ilipoguswa. Semeni tena bayasi.

#37 Kijana wa Soweto
Au plagi ya DIN yenyewe. Aliichomoa akairudisha, kutu ikakwanguka. Ikasogezwa, ikalegea. Pini ya kushoto. Hapo sijasema rilei, mniheshimu.

#38 Dada Voltimita
#37 nakuheshimu kabisa, hiyo inawezekana. Ila pini mbovu huwa inakata sauti au inaleta mlio, haichagui katikati ya wimbi. Na haiponi baada ya nusu saa kila siku bila kukosa.

#39 Omu Nane
Mleta uzi, hizo asubuhi zilizokuwa kimya, kulikuwa na mawingu?

#40 Mwakaleli Stereo
Eeh, kulikuwa na mawingu na ukungu wiki ile. Umejuaje?

#41 Omu Nane
Sikujua, nimeuliza. Usiku wa mawingu joto haliondoki, asubuhi inaamka na nyuzi 13 au 14. Anga likiwa jeupe ndiyo baridi inauma. Kwa hiyo huenda waya haukuponya kitu, ni mawingu. Mkeo kasogeza mashine siku ambayo anga limefunguka. Weka kipimajoto pembeni ya amplifaya, andika kila asubuhi nyuzi na kama inakwaruza. Wiki mbili tu tutajua.

#42 Mjukuu wa Makete
Sasa tunatengeneza amplifaya au tunatabiri hali ya hewa?

#43 Kilimo Kwanza Mbozi
Kuhusu mawingu na baridi yuko sahihi. Sisi wa kahawa tunalala macho usiku wa anga jeupe.

#44 Iyunga Skopu
Mleta uzi, Uyole siyo mbali. Nikiruhusiwa kuazima osiloskopu ndogo (kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi) naweza kuja Jumamosi alfajiri. Sharti usiiwashe usiku, na chai iwepo.

#45 Mwakaleli Stereo
Karibu sana mdogo wangu. Chai, mihogo na maziwa.

#46 Chai ya Tukuyu
Chai atoe Tukuyu, siyo ya dukani.

#47 Bandia Mkuu
Tunasubiri picha. Bila picha hatujaenda.

#48 Iyunga Skopu
Nimetoka Uyole. Naweka nilichokiona, tafsiri tutagombana.

Tumewasha saa kumi na mbili na nusu, chumba nyuzi 9. Nimeweka mzigo wa omu 8 badala ya spika, wimbi la hezi 1,000 kutoka kwenye simu, dogo. Umeme wa bodi ya udhibiti: 67.1, uko sawa. Volti ya katikati inatakiwa nusu yake, 33.5. Kushoto 33.6, kulia 33.4, hakuna ubaya. Kulia wimbi laini. Kushoto, kila wimbi linapovuka katikati kuna ngazi, inaonekana kwa macho bila kukuza. Kwa hiyo mkwaruzo ni wa kupokezana, #4 alikuwa sahihi kwa jina la ugonjwa.

Sasa sababu. Nikachukua kijiti cha mshikaki cha #12. Nikigonga karibu na kapasita mpya, hakuna kitu. Nikigonga karibu na ile trima ya kahawia, ngazi inaruka: inapungua, inarudi. Nikibonyeza pembe ya bodi, inapungua pia, na trima iko mbali na hapo. Nikapuliza draya ya saluni kwa mbali upande wa transista ndogo, ngazi ikafutika ndani ya sekunde chache. Nikaacha ipoe, ikarudi ndogo kuliko mwanzo. Baada ya hapo haikurudi kama ya alfajiri tena, hata tulipoizima tukanywa chai tukarudi.

Nyigu hakuna. Kulikuwa na mende mmoja mkavu.

#49 Kihesa Audio
Mende ni ndugu yake nyigu. Nimeshinda nusu.

#50 Fundi Risasi
Ukibonyeza PEMBE YA BODI inapungua. Pembe ya bodi haina trima. Bodi ikipinda, ufa unafunga. Naweka kalamu chini.

#51 Omu Nane
Mzee, bodi ikipinda na trima iliyo juu yake inapinda, kidole cha trima kinasogea. Na draya ilipulizwa kwenye transista ndogo, siyo kwenye lehemu za kapasita. Ngazi ikafutika. Ndiyo transista ile ile #29 aliyosema mkondo unaifuata.

#52 Fundi Risasi
Draya inapuliza upepo, haina pua ya sindano. Imepasha kila kitu pale.

#53 Iyunga Skopu
Wote mko ndani ya nilichokiona, ndiyo shida yangu. Nilimshauri abadilishe trima zote nne kwa zile za kufungwa kisha aweke bayasi upya asubuhi ikiwa baridi na aikague tena ikiwa moto.

#54 Dada Voltimita
Kwa mpangilio huo ukibadilisha trima lazima uchomoe na kupiga risasi upya eneo lote lile. Ikipona, hamtajua ilikuwa trima au lehemu. Nyote mtadai.

#55 Fundi Risasi
Mimi nitadai.

#56 Bandia Mkuu
Na ile transista ndogo aliyobadilisha fundi, ikiwa ni bandia yenye tabia ya ajabu kwenye baridi? Isipobadilishwa hiyo, mtapaka rangi nyumba yenye mchwa.

#57 Mwakaleli Stereo
Mimi nataka muziki tu, wakuu. Nimeamua: kwanza risasi ipigwe upya kushoto bila kugusa trima, na ile grisi nyeupe isafishwe kwa spiriti na mswaki. Nikae nayo asubuhi kadhaa. Kama bado, trima. Kama bado, transista. Kijana wa Iyunga kakubali kuisimamia. Dar hairudi, nauli na yale matuta sitaki tena. Nikiwasha mara ya kwanza baada ya kufungua nitapitisha umeme kwenye balbu ya wati 60 kama tahadhari.

#58 Omu Nane
Balbu ya waya wa ndani, siyo LED. Itawaka kidogo kapasita zikijaa, kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa.

Ila mpangilio wako ni wa kupoteza asubuhi. Trima ya kahawia inaonekana kwa macho, imechoka, bei yake ni ya soda. Anza nayo.

#59 Fundi Risasi
Mwacheni kijana, kachagua vizuri.

#60 Mnunuzi Tukuyu Road
Kama utaichoka, nipe bei ya zote mbili, 33 na 303. Hata ikikwaruza.

#61 Mwakaleli Stereo
Haiuzwi mkuu. Asante.

#62 Kijana wa Soweto
Wakuu samahani kuingilia, mimi nina ya Kijapani, yenye rilei safari hii. Ukiwasha inasubiri, inalia "ta", halafu inalia "ta" tena na kuzima spika. Taa ya ulinzi inamwekamweka. Ilianza baada ya kubadilisha transista za kutoa kulia. Shida nini?

#63 Dada Voltimita
Pima volti ya moja kwa moja kwenye njia ya kutoa kabla ya rilei, chaneli zote mbili, spika zikiwa zimetolewa. Leta namba. Na fungua uzi wako, weka picha za bodi, maana hapa Fundi Risasi atakwambia ni lehemu.

#64 Fundi Risasi
Ulisafiri nayo kwenye nini?